Mguu wa Salomea

Kutoka kibandani, kwenye tundu lenye ukubwa wa kitabu,
sikuwahi kuuona uso wake akiwa kazini.
Nilichokiona ni mguu: buti jeusi, kamba moja ya kahawia,
likikanyaga pedali na kuiachia, likikanyaga na kuiachia,
kama mtu apimaye kina kabla hajavuka.

Łódź, baridi ya mwaka wa ishirini na nane.
Watu walitoka viwandani na nyuzi za pamba kwenye nyusi,
masikio yamekufa ganzi kwa kelele za mitambo ya kufuma.
Walilipa sarafu, wakaketi na makoti yao.
Robo saa ya kwanza hawakusikia kitu,
na Salomea Wrubel alilijua hilo:
alianza na noti za chini, nzito,
zile zinazopanda kwa nyayo
zikafika kifuani bila kupitia sikio.

Filamu ya mwizi wa farasi tuliionyesha wiki sita.
Mimi nazungusha mkono juu, yeye anacheza chini.
Akifunua ukurasa, napunguza mwendo, namngoja;
mwizi naye huganda kidogo ngazini, barua mfukoni,
hajui anangojea nini.
Kila usiku Salomea alimpigia ngurumo,
na kila usiku ukumbi ulimzomea.
Ignacy, mtia rangi vitambaa, mikono ya bluu hadi viwiko,
alilitupia turubai kiatu mara mbili
akaenda kukiokota huku anaomba radhi.

Kisha Alhamisi moja jiko halikuwashwa.
Bwana Mroczek alibana matumizi: kwake makaa ya mawe
yalikuwa akiba isiyooza.
Mwizi akatokea juu ya ngazi
na ngurumo haikuja.
Kikaja kitu kidogo, cha vidole vitatu,
wimbo wa kumbembeleza mtoto mwenye homa,
na katikati ya wimbo noti moja iliyokosewa
ambayo hakuirekebisha.

Ukumbi ulinyamaza. Mtu akapenga kamasi.
Ignacy alivua kofia.
Na mimi, niliyeushika ukanda ule kwa mikono yangu,
niliyezihesabu fremu za ngazi, mia tisa na kumi na mbili,
naapa hakuna iliyobadilika hata ukucha:
jicho lile lile, barua ile ile, hatua zile zile.
Lakini mwizi alishuka akiwa mtoto wa mtu.

Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha vidole, vimevimba, vyekundu.
"Ngurumo inataka damu ya moto," akasema,
"na mimi nilikuwa na ya kutosha vidole vitatu tu."

Mroczek alifoka: "Umeniharibia mwizi wangu!"
Ijumaa foleni ilifika hadi kwenye duka la mishumaa.
Basi akanunua chaki, akaandika mlangoni:
*Leo mwizi mbaya. Kesho mwizi wa kuhurumiwa.*
Bei moja. Jiko, hata hivyo, hakuliwasha.

Vipaza sauti vilifika ndani ya nyasi kavu, mwaka wa thelathini,
na mota badala ya mkono wangu.
Muziki sasa ulishonwa ukingoni mwa ukanda kama pindo la sketi;
niliuona kwenye mwanga: vistari vyembamba, meno ya kitana.
Okestra nzima humo, watu arobaini, labda zaidi,
hawaoni baridi, hawakosei noti.
Kibarua cha Salomea kikaota nyasi.
Piano ilikwenda kwa mwalimu wa shule ya Bałuty,
kwa nusu ya bei, bila kiti.

Alirudi mara moja tu. Alilipa sarafu yake kama wengine,
akakaa safu ya mbele, upande aliouzoea.
Mwingine alikuwa anashuka ngazi, mwanamume nisiyemkumbuka jina,
na ile okestra ikishajua kila kitu juu yake
kabla hajafika ngazi ya pili.
Kupitia tundu niliona buti jeusi
likikanyaga sakafu na kuiachia,
limechelewa kidogo, pumzi moja nyuma ya wale arobaini.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kupunguza, kumngoja.
Mota ilikuwa ya moto.
Haikuwa na pa kushika.