Kinara cha Taa Saba

Saa saba na robo usiku mgodi hulipua.
Kilomita nzima chini ya vitanda vyetu
mwamba huvunjika, na vikombe kabatini
hugongana meno.
Asubuhi (kama ni asubuhi, maana hapa Malmberget
jua la Desemba halijisumbui kuchomoza)
kinara cha dirishani kimezimika.

Taa saba juu ya ubao uliopindwa kama upinde.
Waya unaingia kwa ya kwanza, unatoka,
unaingia kwa ya pili, unatoka,
hivyo hivyo hadi ya saba, ndipo urudi ukutani.
Njia ya mkato hakuna.
"Ukuta unatoa volti mia mbili thelathini," babu Hilding
alinifunza kabla sijajua kugawa keki.
"Gawa kwa saba. Kila moja thelathini na tatu, kasoro kidogo.
Na ikigoma moja kupokea, zote zimenyimwa."

Nikasema: basi ni yule samaki mmoja aliyeoza.
Akakataa. Samaki huambukizana;
hizi sita hazina ugonjwa wowote,
zi nzima kama wewe na mimi,
zimekaa gizani tu
kwa kuwa mwenzao kafumba jicho.

Bibi Alfhild aliweka balbu ya akiba
katika kasha la kiberiti, juu ya pamba,
kama jino la mtoto.
Kazi yake ilikuwa ya mkono mmoja:
ng'oa ya kwanza, tia ya akiba, tazama.
Giza? Rudisha. Ya pili. Tazama.
Mkono wa pili ulishika kahawa.
Hakuwahi kufika ya tano kabla mwanga haujamrukia usoni,
naye husema, "Kumbe ni wewe,"
bila kinyongo, kama amwambiaye mgeni aliyechelewa.

Mwaka huu kasha nimelifungua mimi.
Tulimzika Oktoba, kabla ardhi haijaganda.

Ya kwanza, giza. Ya pili.
Ya tatu.
Ya saba, giza.
Nikaanza upya, vidole vikinuka vumbi la joto la mwaka jana.
Kutoka kitini, neno lake la kwanza tangu juzi:
"Ni mbili."

Zikifa mbili, alisema, nzima moja haifui dafu.
Ukiitia hapa, pengo liko kule;
ukiihamishia kule, pengo limerudi hapa.
Utazunguka mpaka Pasaka
ukiishuku akiba, na akiba haina kosa.

Akainuka. Akaleta kipimo chake cha mgodini,
kioo chake kina ufa, sindano yake nyekundu.
Balbu nane juu ya kitambaa cha meza, moja moja.
Sindano ikaruka, ikaruka.
Kwa ya tano ikalala.
Kwa ya pili ikalala.

Akiba ni moja, mapengo mawili.
Duka la Sundqvist limehamishwa pamoja na nusu ya mji,
na Aila wa chini ameshafunga maboksi yake.
Babu akakata kipande cha waya wa shaba,
akakikunja kwa koleo, akakiziba
ndani ya tundu la pili, mahali pasipo na taa,
umeme upite bila kuangaza kitu.

Kisha akachomeka.

Sita ziliwaka nyeupe mno,
hata theluji ya kwenye kizingiti ikaonyesha nyayo za ndege.
"Thelathini na nane kila moja," akasema.
"Zinabeba na ya mwenzao."
Nikauliza: zitaweza?
"Zitaweza. Hazitadumu."

Aila alituita kutoka barabarani,
mikono juu, akionyesha dirisha letu.
Babu hakumjibu. Alikuwa akizilaza zile mbili mfu
ndani ya kasha la kiberiti, ubavu kwa ubavu,
na pamba haikutosha.

Usiku nilisikia kiti chake.
Ilikuwa saa saba kasorobo.
Alikwenda dirishani kwa soksi,
akachomoa waya kwa utaratibu,
akaweka kiganja juu ya ubao,
akasubiri mlipuko.