Pasi ya Mwezi

Biju wa duka lililo chini ya chumba chetu, Naif,
ndiye aliyenichorea kwa peni
nyuma ya risiti ya vitunguu:
mji huu umekatwa kanda kama keki ya harusi,
na treni haikuulizi umekaa au umesimama,
hukuuliza umevuka mistari mingapi.

Kanda moja, dirhamu tatu.
Mbili, tano.
Ukizidi hapo, saba na nusu.
Na kazi yangu iko kituo kimoja ng'ambo ya mstari.
Kimoja!
Jengo ninalofuta vioo vya lifti zake
limejengwa upande wa saba na nusu.

Usiku nikapiga hesabu, kitanda cha juu,
simu ikinimulika kidevu.
Siku ishirini na sita, kwenda na kurudi:
mia tatu na tisini.
Pasi ya mwezi: mia tatu na hamsini.
Ni nafuu, ila hulipwa kwa mkupuo
tarehe mosi,
na mshahara wangu hufika tarehe saba
ukaondoka tarehe nane kwenda Wundanyi:
ada ya Mkamburi, dawa ya mama, bati la jikoni.
Ndivyo ilivyo. Mwenye nacho hununua mwezi,
sisi hununua siku,
na siku huuzwa ghali.

Basi nikawa nashuka kituo kimoja kabla.

Januari ilikuwa tamu, sitasema uongo.
Kando ya barabara ya njia kumi na mbili,
raba miguuni, viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki,
dakika ishirini na nane,
treni ikinipita juu ya kichwa
na dirhamu zangu mbili na nusu hazimo ndani.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Mia na thelathini kwa mwezi!
Nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga
zikaanza kuwa na sauti.

Haba na haba, nilifundishwa, hujaza kibaba.
Sikuambiwa kibaba nacho huvuja.
Mei, chupa ya maji njiani.
Juni, chupa mbili.
Julai jua liliingia kazini kabla yangu,
hewa ya alfajiri kama sufuria iliyofunuliwa usoni,
nikafika blauzi imenata mgongoni,
dakika sita nyuma ya saa.
Msimamizi wetu, Rowena, hakupaza sauti.
Aliandika tu.
Hamsini.
Safari ishirini za miguu yangu
ndani ya mstari mmoja wa wino.

Na goti nalo likaanza kudai riba.

Tarehe mosi Agosti nikalimwaga kopo
dirishani pa stesheni.
Kijana wa tiketi akazipanga sarafu kumikumi, minara minara,
bila kukunja uso, Mungu ambariki,
hata foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.
Pasi. Kanda zote. Siku thelathini.
Ti! likasema lango,
na halikunikata kitu.

Sasa sikilizeni nilichofanya.
Siku yangu ya ofu, ambayo huwa ya kufua na kulala,
nilipanda treni nisikokwenda.
Kwa kuwa imelipiwa.
Behewa la wanawake, kiti cha dirishani,
mpaka mwisho wa reli, nikarudi, nikaenda tena.
Sikununua kitu. Hakuna aliyeniuliza.
Nilivuka ule mstari mara nne
nikiuvizia kule chini, nao haupo:
mchanga, nyasi za kumwagiliwa, ukuta wa gereji.

Ila mara ya nne, katikati ya vituo viwili,
kwenye njia yangu,
alikuwapo mwanamke na mfuko wa plastiki,
akienda ule mwendo wa mtu anayehesabu.
Simjui. Goti lake nalijua.

Niliinua mkono.
Kioo, kwa nje, ni cheusi.