Hatujuani

Mbwa alirudi siku ya tatu, Jumapili,
kengele ya pili ya Wamoravian inagonga
na ukungu wa Juni bado umelalia migomba.
Nilikuwa nimeshamzika moyoni.
Bakuli lake nilishalitoa barazani
nikalifudikiza juu ya pipa, kama kofia ya marehemu.

Anaitwa Hatujuani. Jina nililichagua mimi
mwaka ule Subilaga aliposogeza mpaka
hatua mbili na nusu ndani ya chai yangu,
ili kila jioni nikimwita mbwa
jirani asikie.

Basi nilimkumbatia. Nani asingemkumbatia?
Shati la kanisani, shingo wazi, mikono wazi,
shavu langu kwenye manyoya yake yenye umande,
naye akanilamba sikio kama mdaiwa anayelipa riba.

Dakika mbili.
Kwanza ilikuwa kama mtu ameninong'oneza shingoni.
Kisha mnong'ono ukawa umbea,
umbea ukawa mkutano wa hadhara,
kila kitundu cha ngozi kimenyoosha mkono
kinaomba kuzungumza.

Upupu!
Mimi, mwalimu wa sayansi, darasa la sita,
ninayechora ganda lake ubaoni kila mwaka,
lile ganda la kahawia, laini machoni kama kitoto cha paka,
na kuandika chini yake kwa chaki nyekundu: USIGUSE.
Sikuwahi kuandika: usimguse aliyegusa.

Hatujuani mwenyewe amejilaza, anapiga miayo.
Balaa lote lile liko juu ya koti lake
na ngozi yake haina habari.

Nilikosea yote ninayowafundisha watoto.
Nilijikuna. Nilijimwagia maji ya moto.
Nilijisugua kwa dodoki.
Shati nililivulia kichwani
nikaupaka uso yaliyokuwa shingoni.
Nilicheza ngoma asiyoipiga mtu,
jikoni hadi zizini, zizini hadi bombani,
hata ng'ombe akaacha kucheua, akanitazama.

Ndipo uzio ukaguna.
Subilaga, kitenge cha ibada, miaka minne bila salamu:
"Acha kujikuna, mwalimu. Keti."
Hakuuliza ni nini. Upupu ule unatambaa kwenye uzio,
pale ambapo kila mmoja wetu husema ni pa mwenzake,
na ndiyo maana hakuna aliyeufyeka.

Akakanda unga kwa maji baridi, kidogo tu,
akafinyanga donge mpaka likanata,
akaligandamiza shingoni, akalivuta,
akaligandamiza, akalivuta.
Donge lilitoka limeota nywele za dhahabu.
Nilihesabu madonge saba. Kuku tuliwafukuza wasiyadonoe.
Kisha majivu yaliyopoa. Kisha, macho yalipoanza kuvimba,
akanipeleka zahanati, yeye mbele, mimi nyuma
kama ndama aliyenunuliwa mnadani,
na nesi Tumpale akanipa tembe ndogo nyeupe
na losheni ya rangi ya waridi,
kicheko amekiziba kwa daftari la wagonjwa.

Jumatatu niliingia darasani
nikiwa wa waridi kama keki ya kipaimara.
Gwakisa, dawati la nyuma, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, leo tunajifunza nini?"

Mbwa tulimwosha wawili,
mikono tumeivisha mifuko ya plastiki, sabuni ya mche,
yeye anashika kichwa, mimi mkia.
Tulipomaliza nilitaka kusema *ndaga*.
Nikasema: "Mpaka bado ni hatua mbili na nusu."
Akasema: "Najua."
Akakung'uta povu, akapita pale pale kwenye uzio,
panga langu mkononi mwake. Sikumwuliza.

Jioni nilisimama mlangoni nimwite mbwa ale.
Kule ng'ambo panga lilikuwa linafyeka.
Jina likanikwama kooni, likawasha.

Nikapiga mluzi.