Siku ya Tatu Sikumpa Jembe

Trela ilifika saa kumi jioni, katika mvua ya Hawes
isiyonyesha sawasawa na isiyokatika.
Philippa akashusha mlango wa nyuma, akasema:
"Anaitwa Damson. Haumi. Hapendi mapipa."
Akanikabidhi kamba na mfuko wa karoti,
akaenda kulia kidogo nyuma ya gari, akidhani sioni.

Farasi akasimama katikati ya ua wa Bwana Alderson,
masikio wima, matone yakimdondoka kidevuni,
akaita.
Sauti ikaruka kuta za mawe, ikawapita kondoo,
ikashuka bondeni, ikarudi mikono mitupu.
Akaita tena.
Mimi kilio kile nakijua.
Nilikilia kimyakimya miaka kumi na tisa iliyopita
katika chumba cha juu ya duka la samaki, Bradford,
sanduku langu bado lina karatasi ya uwanja wa ndege.

Damson ni tunda lao, dogo, lenye ukali.
Nikamwita Zambarau.
Hakukataa. Hakuitika.

Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya kwanza hakula.
Siku ya pili alikula nyasi kavu, robo ya wavu,
kisha akauzunguka ukuta wote, pembe kwa pembe,
kama mpangaji anayetafuta penye kuvuja.
Siku ya tatu sikumpa jembe.
Nilipindua ndoo, nikaikalia,
nikamsomea bili ya umeme,
na ya maji,
kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza
alikwisha kuamrishwa vya kutosha.
Nilipofika penye jumla, akakoroma puani.
Nikamwambia: hata mimi.

Lakini kati yetu wawili mwoga nilikuwa mimi.
Mwaka jana, kule Settle, farasi wa kukodi
alinimwaga penye lango mbele ya watoto wa shule.
Kifundo cha mkono kilivunjika,
na kitu kingine ambacho eksirei haikukiona.
Tangu hapo nikigusa tandiko tu
magoti yananigeuka uji.

Tamsin, fundi wa kwato, misumari mdomoni,
hakuniambia nijikaze.
Alisema: "Basi usimpande. Tembea naye."
Tukatembea. Mvua, matope, mimi na buti za marehemu mume wangu,
hadi sanduku jekundu la posta, na kurudi.
Wiki mbili, posta na kurudi,
wala sikuwa na barua hata moja.

Jumanne ni siku ya taka.
Mapipa matatu yalijipanga kando ya njia kama askari.
Zambarau akaganda; nikausikia moyo wake kupitia kamba,
au ulikuwa wangu.
Nikaliendea la kijani, nikalizaba kofi.
"Tazama. Halina meno."
Akanyoosha shingo, akanusa, akapiga chafya
juu ya kifuniko cha Bwana Alderson.

Wiki ya tano nilipanda juu ya gogo,
nikatia mguu kwenye kikuku, nikautoa.
Nikautia. Nikautoa.
Yeye akasubiri, akitafuna kitu ambacho hakikuwapo.
Nilipokaa nilisahau kupumua,
naye akasimama kama aliyesahauliwa.
Nilipopumua, akaenda.
Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba
pumzi nayo ni hatamu.

Hatukufika mbali: lango la kwanza, hatua themanini, nilizihesabu.
Trekta ikapita polepole; Bwana Alderson
akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani,
na kwa huku hicho ni kigelegele.

Mama, mtu akipiga hodi, hata wa kudai deni,
aliitikia: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilidhani ni adabu tu.

Usiku, kabla ya zamu yangu kwenye nyumba ya wazee,
nilipita kumfunika blanketi.
Alikuwa amelala chini, ubavu mzima majanini,
jinsi wanavyolala wanapoacha kungoja trela.
Sikumwamsha.
Kesho Jumanne. Mapipa yatakuwa nje.