Kumi na Moja

Mwaka ule risasi ziliadimika kuliko mvua,
na mvua ya Farkwa mnaijua.
Barua ikaja kutoka Dodoma na mhuri mzuri:
subirini, mgao upo njiani.
Njia ipi, haikusema.

Stoo yetu ina mlango wa bati na kufuli mbili,
moja ya serikali, moja yangu,
kwa sababu ile ya serikali hufunguka kwa msumari.
Ndani zimeegemea ukuta, tatu:

ile ndefu ya zamani, ya kuvuta boliti,
kitako kimeng'arishwa na mashavu ya waliokwisha kustaafu,
inapiga moja, inapumua, unapumua nayo;
ile ya kivita, nyeusi, magazini imepinda kama ndizi,
vijana huipakata wapigwe picha;
na gobore la mzee Chibehe, tulilomnyang'anya kwa sheria
na sasa tunaona haya kulirudisha.

"Chagua," akasema Irira, mkuu wa kituo.
"Tembo wameshavuka Bubu. Wamo kwenye uwele."

Kuchagua bunduki wakati wa neema ni kuchagua shati.
Wakati wa njaa unauliza tumbo lake:
ipi inakula kidogo?
Ya kivita humeza thelathini kabla hujataja jina lako.
Nikachukua ile ndefu.
Nikafungua daftari. Risasi kumi na moja.
Nikazihesabu kwa kidole, kama mwenye deni.
Kumi na moja.

Sasa niseme jambo ambalo daftari halilijui.
Miaka minne nyuma, risasi zilipokuwa zinamwagika,
nilijibania, mbili leo, tatu kesho,
nikiandika: zimetumika kutishia nyani.
Nilizitia chunguni, chungu nikakifukia
nyuma ya kihenge cha Mwasi, mke wangu,
chini ya majivu. Sitini na nne.
Nililala usingizi wa mwenye ng'ombe.

Usiku huo nikafukua.
Mwasi alishika kurunzi, hakuuliza kitu,
alinitazama tu kama unavyomtazama mtu
aliyeficha mtama watoto wakilala njaa.
Zilitoka zimeota kutu ya kijani,
nyingine zimeshikana kama meno ya mzoga.
Nikazifuta moja moja kwa kanga yake.
Zile kumi na moja nikaziacha stoo,
safi, kavu, za kuonyeshwa wakaguzi.
Nikaenda shambani na akiba yangu.

Uwele ulinifika kifuani.
Jike, masikio wazi, hatua arobaini.
Nyuma yangu Ndahani anapiga debe, sauti imeshamkauka.
Nikaelekeza mtutu juu ya kichwa cha mnyama, kumfukuza tu.

Tak.

Nikavuta boliti. Tak.
Sauti ndogo, ya mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto.
Tembo akatega masikio.
Nadhani alikuwa anahesabu pamoja nami.

Ya tatu, tak. Ya nne,
Ndahani akaacha kupiga debe ili asikie vizuri.
Jike akachuma suke moja, hana haraka,
akalitafuna akinitazama,
kisha akageukia mtoni na wenzake nyuma yake,
si kwa njia waliyojia, la,
katikati ya shamba, kutoka kona hadi kona,
wakilaza kila kilichokuwa bado kimesimama.

Asubuhi Irira akauliza: umetumia ngapi?
Nikasema: hata moja.
Akazihesabu mwenyewe. Kumi na moja.
Akaandika kwa wino mwekundu, hongera, mtunzaji hodari,
akapuliza wino ukauke.

Ndahani alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo,
viganja vimejaa uwele uliopondwa,
anangoja zamu yake ya kusema.