Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu haipandi bure.
Ndani yake kuna kisanduku cha bati, mdomo mwembamba;
ukikilisha sarafu kinaguna,
halafu nyaya zinakumbuka kazi yao.
Kushuka, hakidai kitu.

Mwaka walipokifunga nilikuwa na miaka thelathini na minne,
nikaapa sikilipi.
Nilipanda ngazi, ghorofa nane,
ngazi mia moja ishirini na nane, nilizihesabu, ndivyo nilivyokuwa,
viazi mkono huu, mafuta ya taa mkono ule.
Ubahili wangu niliupa jina la heshima, nikauita msimamo.
Nikifika juu moyo unagonga kama polisi mlangoni,
na hasira juu yake, inamtafuta mwenyewe.
Mara nyingi ilimkuta Tengizi, anakaanga vitunguu,
hajui kosa lake.

Wanasema ujana ni moshi.
Wangu ulikuwa wa mafuta ya taa;
mpaka leo nausikia kwenye mapazia.

Siku moja, mguu umeteguka, nililipa.
Akaingia Zhuzhuna wa ghorofa ya saba.
Tulikuwa hatuamkiani, mwaka wa pili huo,
kwa ajili ya maji yaliyovuja, yangu au yake, sikumbuki.
Kati ya tano na sita umeme ukakatika.
Kutaisi nzima ikafumba macho.
Saa tatu.
Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, nikamsikia
akikunjua karatasi, kisha mkono wake ukanigusa kiwiko:
mbegu za alizeti, zimekaangwa, bado zina joto.
Nikasema, "Nimeshiba."

Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Zhuzhuna alikwenda Februari moja, barafu imeziba mabomba.
Walimshusha kwa ngazi; jeneza halikuenea kwenye lifti.
Kwenye kamba yake sasa zinaanikwa jezi za mtu nisiyemjua.
Yale maji nimemsamehe.
Hana habari.

Sina hekima ya kugawa.
Watu wakiona mvi wanangoja methali;
mimi nina magoti mawili yanayotabiri mvua na kukosea,
nina sahani ya sarafu karibu na mlango,
nina Khatia, Jumapili saa kumi, kwenye kioo cha simu,
huko Thesaloniki anakoosha miguu ya mama wa watu
ili mama yake apande kwa lifti.
"Unakula?" ananiuliza.
Zamani ningekasirika: safari yote ile, na swali ni hilo?
Sasa nalijibu polepole,
namtajia mpaka chumvi.

Bachana wa ghorofa ya tano hupapasa mifuko yake
kama mtu anayesubiri pesa zimee.
Namtilia. Hasemi asante.
Kuna miaka ningeifuata asante ile
hadi kwa bibi yake, ngazi kwa ngazi.

Juzi umeme ukakatika tena. Tuko wawili,
tunaning'inia mahali pasipo namba.
Nikapekua mkoba, nikatoa kifuko,
nikanyoosha mkono gizani mpaka ukamkuta kiwiko.
"Nimeshiba," akasema.

Nilicheka hata akaogopa,
akawasha simu animulike, bibi huyu ana nini.
Nami nimebaki na mkono wazi.
Saa tatu ni nyingi, nikamwambia.
Utasikia njaa.