Chungu Mara Mbili

Jalmari ananimiminia huku ameinamisha glasi,
kama nilivyomfundisha kumwagilia miche ya nyanya:
polepole, pembeni, usiamshe kitu.
Bia inashuka nyeusi, kimya,
halafu povu linapanda, kahawia ileile
ya karatasi tulizofungia kahawa kiwandani
miaka thelathini na mmoja.

"Haya, shangazi. Niambie."

Nje ni Joensuu ya Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Mto umeganda, watu wanaukanyaga na mbwa wao.
Humu ndani, palipokuwa kiwanda cha maziwa,
matangi ya chuma yanakoroma.
Nanusa.
Hakuna kitu.

Hakuna kitu tangu mafua ya mwaka juzi.
Niliamka asubuhi moja, nikachemsha kahawa,
nikanywa maji ya moto yenye rangi.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Mpiga fidla aliyekatika vidole huvaa glavu hata kiangazi.
Mimi nilivaa maneno.

Basi nikayatoa rafuni, yalikuwa bado na lebo zake:
"Kokoa kwanza. Ganda la mkate mweusi.
Moshi kidogo, ule wa sauna siku ya pili.
Kisha kahawa, ya nyanda za juu bila shaka,
imetulia, haimkanyagi mwenzake."
Nikafumba macho hata, kama zamani,
mabwana wa Helsinki walipokuja na kalamu zao
kusubiri ulimi wangu useme gunia lipi linunuliwe.

Jalmari hakuandika.
Alitazama kona ya chumba.
Nikatazama alikotazama:
gunia la kahawa, kilo thelathini,
mdomo ungali umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Tangu lini?"
"Mwaka juzi."
Hakusema pole. Hata kaka yangu, baba yake, hakuwa mtu wa pole.
Alichukua kisu, akakata uzi,
akanijazia buni viganjani,
nikazipapasa: laini, na ule ufa katikati
kama macho ya mtoto aliyelala.
Akasaga. Nikasikiliza.
Mlio ulianza na mawe, ukashuka kuwa kokoto,
ulipofika mchanga nikasema, "Basi! Usizidishe."
Akaacha papo hapo,
kama mabwana wale.

Siku mbili kahawa ikalala ndani ya bia, kwenye mfuko wa kitambaa.
Jumapili akanipigia simu. Nikaja na viatu vya misumari,
nusura nianguke mlangoni pake, baada ya barafu yote ile.

Glasi ya pili, nyeusi ileile.
Ulimi wangu umebakiwa na vichache, kama nyumba baada ya mnada.
Utamu ulifika kwanza, wa shayiri iliyokaangwa,
ukakaa kidogo, ukaaga.
Kisha uchungu.
Wa shayiri ninaujua, mpana, unalala kando za ulimi
kama mvivu kitandani.
Lakini nyuma yake ukaja mwingine,
mwembamba, umechelewa,
ukapanda kooni kama mtu aliyesahau funguo akarudi.
Nikaushika pale. Nikamshika mkono na yeye.
"Huyu. Huyu hakuwepo juzi."

Sikuunusa. Sitasema niliunusa.
Pua yangu bado ni dirisha lililopakwa rangi.

"Niandike nini kwenye chupa?" aliuliza. "Kokoa? Moshi?"
"Andika chungu."
"Hawatanunua."
"Andika chungu mara mbili."

Akaandika nyuma ya risiti ya dizeli, kwa kalamu ya bluu,
herufi zake mbaya tangu shule.
Povu lilinikaukia juu ya mdomo.
Sikulifuta mpaka nilipofika nyumbani.